Tezi Ndogo Juu ya Figo: Dende na Panya Walitufundisha Nini juu ya Vitamini C

Ndugu mtumishi, umetoka posti ya usiku. Umerudisha lampi, umeoga, na sasa unashika njia ya nyumbani. Miguu ni mizito na macho yanataka kufunga. Karibu na soko kijana mmoja amepanga vidonge juu ya meza ndogo. Vingine vina rangi ya machungwa, vingine ni vyeupe. Anakuita:

– Papa, kuja uangalie! Hii ni vitamini C. Inarudisha nguvu yote ya mwili. Ukimeza sita kila asubuhi, utatumika kama kijana wa miaka ishirini.

Unatia mkono mfukoni. Feza iliyo humo ni ya tomati na ya daftari ya mtoto. Utamlipa kijana yule, ao utaendelea na njia yako?

Usijibu kwanza. Soma ukurasa huu mpaka mwisho. Na wewe, mama wa nyumba, usiupite mbio: habari hii inaanza kwa wataalamu na nyama za maabara, lakini inaishia ndani ya sufuria yako.

TEZI GANI HIYO?

Siku ya sikukuu, wakati wa kupasua mbuzi, angalia vizuri pale penye figo. Ndani ya mafuta, karibu na kila figo, utaona kipande kidogo cha nyama ambacho si figo. Watu wengi wanakipita pasipo kukijua. Ile ndiyo tezi ambayo wanganga wanaiita adrenali. Wewe pia unazo mbili. Kila moja inakaa juu ya figo kama kofia, na uzito wake kwa mtu mzima ni gramu 4 ao 5 tu. Lakini pasipo tezi hizo mtu hawezi kuishi.

Tezi hiyo ina sehemu mbili: ganda la nje na kiini cha ndani.

Kiini kinatengeneza adrenalini. Unaijua kazi yake, hata kama hukujua jina lake. Uko chini ya udongo, unasikia jiwe linalia juu ya kichwa. Mbele ya kufikiri, moyo umekwisha kupiga mbio, mdomo umekauka, na miguu imekwisha kuruka kando. Hiyo ni adrenalini. Ndiyo kengele ya hatari ya mwili.

Ganda linatengeneza homoni zingine. Moja inaitwa kortisoli. Hiyo ni kama mlinzi wa magazini: mwili ukiwa katika taabu, kwa ugonjwa, kwa jeraha ao kwa njaa, kortisoli inafungua akiba na kutoa sukari katika damu ili mwili uweze kushindana. Homoni nyingine ya ganda inazuia chumvi isipotee ovyo kwa njia ya mkojo. Mtu anayetoka jasho jingi mahali pa moto anaihitaji sana.

Basi, kwa kazi hii yote, tezi inatumia vitamini C. Kiini hakiwezi kutengeneza homoni zake vema pasipo vitamini hiyo, na ganda pia lina akiba yake kubwa. Wanganga walipopima walikuta kwamba gramu 100 za tezi ya mtu zina vitamini C miligramu 30 mpaka 40. Kadiri ileile ya maji ya damu ina miligramu moja hivi tu. Ni viungo vichache sana vya mwili vinavyoweka vitamini C namna hiyo.

Kwa nini tezi inaiweka kwa wingi? Na akiba hiyo ikiisha, kunatokea nini? Hatuwezi kumpasua mtu mzima wa afya ili tuangalie. Wataalamu waliuliza nyama wadogo.

KIAZI, NDIMU NA TEZI YA NGOMBE

Katika mwaka wa 1855 munganga mmoja wa London, Thomas Addison, alieleza ugonjwa wa ajabu. Wagonjwa walikonda, walikosa nguvu hata ya kusimama, na ngozi yao ikageuka rangi na kuwa nyeusi zaidi. Walipokufa, alikuta tezi zao za juu ya figo zimeharibika.

Karibu miaka sabini nyuma yake, mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliwaza juu ya rangi hiyo. Fanya wewe mwenyewe jaribio hili nyumbani: kata kiazi ulaya na ndimu, uviache juu ya meza. Kiazi kitageuka rangi kama kutu, ndimu haitageuka. Kumbe katika maji ya ndimu kuna kitu kinachozuia kutu ile. Szent-Györgyi akajiuliza: je, katika tezi za juu ya figo kuna kitu cha namna hiyo pia?

Alitafuta, akakipata. Katika mwaka wa 1928, huko Cambridge, Uingereza, alieleza namna alivyotoa unga mweupe katika tezi za ngombe, katika machungwa na katika kabichi. Hakujua bado ni kitu gani. Kwa mchezo alitaka kukiita kwa Kiingereza jina linalofanana na “Mungu ndiye anayejua”. Mkubwa wa gazeti la wataalamu alikataa mzaha huo, basi kikapewa jina lingine.

Unga huo ulikuwa wa taabu kupata. Szent-Györgyi alisafiri mpaka Marekani, mahali ambapo machinjio makubwa yalimpa tezi za ngombe kwa wingi. Kazi ya mwaka mzima hivi ilimpa gramu 25 tu, kama kijiko kikubwa cha sukari kilichojaa.

Aliporudi kwao, katika mji wa Szeged, kijana Mmarekani Joseph Svirbely alikuja kutumika naye. Wakachukua nyama wadogo wa maabara, wakawapa chakula kisicho na vitamini C. Wengine waliongezewa miligramu moja tu ya unga ule kila siku. Wale wasiopata unga walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa ambao wanganga wa kwetu wanauita pia skorbuti. Wale waliopata unga waliishi na kunenepa. Hiyo ilikuwa miaka ya 1931 na 1932. Wakati uleule Charles Glen King alipata kitu hicho katika malimau huko Pittsburgh, Marekani. Unga wa tezi na vitamini ya malimau, kumbe ni kitu kimoja!

Lakini tezi zilikuwa zimekwisha, na unga pia. Szent-Györgyi mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja bibi yake alimwandalia pilipili nyekundu, zile kubwa zisizo kali zinazolimwa sana Szeged. Hakuwa na hamu ya kuzila. Badala ya kubishana na bibi yake, alizibeba maabara kuzipima. Usiku uleule alijua kwamba zimejaa vitamini C. Katika majuma machache alikuwa na zaidi ya kilo moja ya vitamini safi. Katika mwaka wa 1937 alipewa zawadi ya Nobel.

Mama, uangalie jambo hilo: kile alichokitafuta katika tezi za ngombe elfu kwa elfu, kilikuwa ndani ya chakula juu ya meza yake.

DENDE ANA UMASKINI KAMA WETU

Nyama wale wadogo wa Szeged ni nani? Watu wa Kivu wanawajua vizuri. Wanawafuga jikoni, wanawapa majani na maganda, na watoto wanapenda kuwachunga. Wengine wanawaita dende, wengine simbiliki.

Wataalamu wawili wa Norvegi, Axel Holst na Theodor Frølich, ndio walioanza kuwatumia kwa kazi hii, katika mwaka wa 1907. Waliwalisha nafaka na mkate tu. Dende wakapata ugonjwa kama wa mabaharia wa zamani: damu ilitoka katika fizi, viungo viliuma, mifupa ikawa dhaifu. Walipopewa kabichi mbichi ao maji ya ndimu, hawakuugua.

Ilikuwa bahati njema. Kama wangechagua panya, wasingeona kitu. Panya, mbuzi, mbwa na kuku wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili. Dende hawezi. Nyani hawezi. Na mtu pia hawezi. Ni kama kiwanda chenye mashini zote, lakini mashini ya mwisho imekufa zamani za kale: sukari inaingia, vitamini haitoki. Mbuzi anaweza kukaa kipindi chote cha kiangazi na majani makavu, na tezi yake imejaa. Wewe na dende mnategemea kile kinachopita mdomoni.

Sasa tezi ya dende mwenye njaa ya vitamini inakuwaje? Katika mwaka wa 1919 munganga Robert McCarrison, aliyetumika Uhindi, alieleza yale aliyoyaona. Tezi ilivimba, ikawa kubwa kupita ile ya dende mzima. Ndani yake damu ilikuwa imevuja. Na adrenalini ilikuwa imepungua.

Ufikiri kidogo juu ya hilo. Tezi ilikuwa kubwa lakini ilikuwa maskini. Ni kama magazini iliyopanuliwa kuta zake, lakini ndani rafu ni tupu. Mwili ulilazimisha tezi itumike zaidi na zaidi, nayo haikuwa na kitu cha kutumikia. Dende asiyepata vitamini C anaanza kuugua baada ya majuma mawili ao matatu, na baada ya mwezi mmoja hivi anakufa.

PANYA ANAONYESHA MIZANI

Tulisema kwamba panya anajitengenezea vitamini yake. Kwa sababu hiyo tezi yake imejaa sikuzote: gramu 100 za tezi za panya zina miligramu 400 hivi za vitamini C. Basi panya anafaa kwa swali lingine: akiba ile inatoka wakati gani?

Katika miaka ya 1940, huko Marekani, George Sayers, Marion Sayers na wenzao walijaribu. Panya walipotolewa damu nyingi, ao walipopigwa sindano ya ile homoni ambayo tezi ya chini ya ubongo inaituma kuamsha tezi za juu ya figo, wataalamu walipima vitamini iliyobaki. Katika saa moja tu, karibu nusu ya vitamini C ilikuwa imetoka. Panya akipumzika, kesho yake akiba ilikuwa imerudi.

Jambo hilo lilikuwa la hakika hata katika mwaka wa 1948 walilifanya kuwa mizani. Wakitaka kujua dawa ya homoni ina nguvu gani, walimpiga panya sindano na kupima vitamini C iliyopungua katika tezi yake.

Kwa hiyo tunajua: akiba ya tezi si pambo. Mwili ukipata taabu, tezi inatoa homoni na vitamini C inatoka pamoja nayo.

Nyuma yake, katika miaka ya 2002 mpaka 2004, wataalamu walichunguza panya wadogo waliozaliwa pasipo ule mlango ambao vitamini C inapitia kuingia katika chembe za tezi. Panya hao walikufa mara tu baada ya kuzaliwa. Tezi zao zilikuwa na kasoro, katika kiini na katika ganda pia, na homoni zao zilipungua.

NA KWA MTU?

Utasema: “Mimi si panya wala dende.” Ni neno la akili. Mambo ya nyama wa maabara hayageuki mara moja kuwa mambo ya watu. Lazima kuhakikisha.

Katika mwaka wa 2007 wanganga wa Marekani walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 26. Kwa sababu ya ugonjwa wao, wagonjwa hao walipaswa kutolewa damu katika mshipa uleule unaotoka kwenye tezi ya juu ya figo. Walipopigwa sindano ya homoni ya kuamsha tezi, vitamini C katika damu ya mshipa ule ilipanda sana kwa dakika chache, kisha ikashuka. Kumbe tezi ya mtu inafanya kama ya panya: ikiamshwa, inatoa vitamini C.

Tunayo pia ushuhuda wa migodi. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, katika migodi ya almasi ya Kimberley na ya zahabu ya Johannesburg, watumishi wengi walipata kiseyeye. Walifungiwa ndani ya makambi, walikula unga wa mahindi siku kwa siku, na mboga mbichi ilikuwa kidogo. Watu waliokuja na nguvu walivimba fizi, miguu ikawauma, vidonda vikakataa kupona. Tumbo lilishiba unga, lakini mwili ulikuwa na njaa.

Na katika mwaka wa 1976 watafiti wa migodi ya Afrika Kusini walieleza habari ya watumishi wapya waliozoezwa kazi ya mahali pa moto. Wale waliopewa vitamini C walizoea moto upesi kidogo kuliko wengine. Miligramu 250 zilifaa sawa na 500. Ujue maana yake: kuongeza mara mbili hakukuleta faida mara mbili.

KOSA LA KIJANA WA MEZA

Sasa turudi kwa kijana wa sokoni. Neno lake moja ni kweli: tezi inayokusaidia katika taabu inahitaji vitamini C. Lakini anaposema “meza sita”, anakupoteza.

Tezi ni kama ndoo. Ikiwa tupu, kuijaza ni kuokoa maisha. Ikiwa imejaa, maji unayoongeza yanamwagika chini. Wakati wa vita kuu ya pili, huko Sheffield, Uingereza, watu 20 waliojitolea walijaribiwa kwa miezi mingi. Walionekana kwamba miligramu 10 kwa siku zinatosha kuponya kiseyeye. Ili mtu awe na akiba njema, mashirika ya dunia ya chakula na ya afya yanashauri miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, 55 kwa mama mwenye mimba, na 70 kwa mama anayenyonyesha. Mvuta tumbako anahitaji zaidi, kwa sababu moshi unaharibu vitamini C mwilini.

Ukimeza zaidi ya miligramu 200 kila siku, damu imekaribia kujaa. Ile inayozidi inakwenda chooni na mkojo, na feza yako pamoja nayo. Ukipita miligramu 2 000, tumbo linaweza kuhara, na watu wengine wanapata mawe katika figo. Sindano kubwa za vitamini C zina hatari nyingine kwa watu waliozaliwa na kasoro fulani ya damu, nao ni wengi katika inchi zetu za malaria. Usimruhusu mtu wa njiani akupige sindano “ya nguvu”.

Kuna hatari kubwa kupita hizo zote. Uchovu una baba wengi. Mtu anaweza kuchoka kwa malaria, kwa minyoo, kwa upungufu wa damu, kwa ugonjwa wa sukari, kwa kifua kikuu, kwa vumbi lililokaa mapafuni, ao kwa kukosa usingizi. Akimeza vidonge miezi mitatu akingoja nguvu irudi, ugonjwa wa kweli unaendelea kula mwili wake. Na vitamini C haizuii vumbi la mawe: pale panapotakiwa maji, hewa na maski, hakuna kidonge kitakachokamata nafasi yao.

NDANI YA SUFURIA

Mama, sasa ni zamu yako. Bukari haina vitamini C. Maharagwe makavu hayana, kapenta na samaki wa chumvi hawana, nyama iliyopikwa sana ina kidogo mno. Mtu anaweza kula sahani mbili na kushiba vizuri, na tezi yake ikabaki na njaa.

Vitamini C iko katika matunda na mboga mbichi. Gramu 100 za mapera zina miligramu 200 na zaidi. Papai ina 60 hivi, chungwa na ndimu 50 hivi, embe 35 hivi, tomati 14 hivi. Pilipili mbichi ina nyingi sana, lakini nani atakula gramu 100 za pilipili? Basi pera moja kubwa linaweza kumtosha mtu siku nzima. Linaanguka chini ya mti katika lupango, watoto wanalipigia teke, na baba anakwenda kununua vidonge!

Vitamini hii ina maadui watatu: moto, maji na hewa. Mboga ikikatwa asubuhi na kupikwa jioni, hewa imekula sehemu. Ikikatwa vipande vidogo kisha ikaoshwa, maji yamebeba sehemu. Ikichemshwa saa nyingi, moto unamaliza iliyobaki. Kwa hiyo uoshe lengalenga na matembele mbele ya kukata. Ukate wakati nyungu iko tayari motoni. Utie maji kidogo, ufunike, upike kwa muda mfupi, na usimwage maji yake: yaliwe pamoja na bukari.

Lakini uangalie sana: shauri hilo si la sombe. Majani mabichi ya mihogo yana vitamini C nyingi, lakini yana sumu pia. Lazima kuyatwanga na kuyachemsha vizuri kama mama zetu walivyotufundisha. Usipunguze hata kidogo moto wa sombe kwa kutafuta vitamini. Sombe ina faida zake zingine, vitamini C uitafute upande: ndimu ya kukamulia juu ya sahani, tomati mbichi, kipande cha papai.

Ndimu hiyo ina kazi ya pili. Vitamini C inasaidia tumbo kupokea chuma kilicho ndani ya maharagwe na mboga, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Mama mwenye mimba na mtoto anayekua wanahitaji jambo hilo kuliko wote. Ukamulie wakati wa kula, usiichemshe.

UKUMBUKE HAYA

1. Kila siku, tunda moja ao mboga mbichi. Mwili wa mtu haujitengenezei vitamini C, na akiba yake haikai miezi mingi.

2. Uandae tunda katika mfuko wa posti, pamoja na mkate na maji ya kunywa. Mahali pa moto, maji na mapumziko yanatangulia vitamini.

3. Fizi zinatoka damu, miguu inauma, alama nyekundu zinatokea kwenye ngozi, kidonda cha zamani kinafunguka tena: uende dispanseri. Usingoje.

4. Uchovu unaopita majuma mawili si jambo la kupeleka sokoni. Ni jambo la kupeleka kwa munganga.

5. Kidonge cha vitamini kikitolewa na munganga, ukimeze kwa hesabu aliyokuambia. Hesabu ya kijana wa meza si hesabu ya munganga.

6. Panda mpapai ao mpera katika lupango lako. Mpapai unaotunzwa vizuri unaweza kuzaa kabla ya mwaka kwisha.

Basi, ndugu, kesho utapita tena karibu na meza ile. Kijana atakuita, kwa sababu naye anatafuta bukari yake. Umjibu kwa heshima: “Asante, kijana wangu. Dawa hiyo inaningoja nyumbani.” Kisha geuka upande wa mama anayeuza mapapai, na uhakikishe feza ya daftari ya mtoto ingali mfukoni.